Bia iliyochachuka siku moja na nusu

Nilipika lita 20 nyumbani Nyegezi Jumamosi jioni. Jumatatu asubuhi povu limeshuka, kifuniko cha ndoo kimya, hakuna hata kiputo. Nikadhani hamira imekufa. Haidromita (kipimo cha uzito wa bia ukilinganishwa na maji, ambao hushuka sukari inapoliwa) ikakataa: kutoka 1.048 ilikuwa imeshafika 1.012. Yaani kazi imekwisha! Nilipoonja nikakunja uso. Ukali wa pombe kali unaochoma koo, na harufu kama ya rangi ya kucha.

Kosa lilikuwa langu. Nilimwaga hamira uji wa kimea ukiwa bado vuguvugu, nyuzi 30 hivi, kisha nikaiacha ndoo jikoni. Hamira ikila sukari hutoa joto lake yenyewe, kwa hiyo ndani ya ndoo huwa moto kuliko chumba. Hamira niliyotumia inataka nyuzi 18 hadi 22; ikizidi hapo hukimbia na kutoa ukali na harufu ile.

Awamu ya pili nilipoza uji hadi 20 kabla ya kutia hamira. Ndoo nikaiketisha kwenye beseni la maji, nikaivika fulana kuukuu iliyolowa, pindo likigusa maji ili iendelee kunyonya. Asubuhi na jioni nilibadilisha chupa mbili za maji yaliyoganda ndani ya beseni. (Mke wangu aliuliza mgonjwa anaendeleaje.) Siku tatu za mwanzo ndizo za kukesha, baada ya hapo joto hupungua.

Safari hii ilichukua siku sita. Nikasubiri kipimo kisimame palepale siku tatu mfululizo ndipo nikajaza chupa, maana chupa ikifungwa mapema hupasuka.