Usiguse dx kabla ya kuangalia dt: nilivyoituliza programu yangu ya FDTD

Kuna ushauri wanaopewa wanaoanza FDTD (njia ya kuiga mawimbi ya sumakuumeme kwa kugawa nafasi katika seli zenye upana dx, na muda katika hatua za dt): "Ikilipuka, punguza ukubwa wa seli." Niliufuata, ukanipotezea siku mbili. Tafadhali usiufuate.

Nilikuwa naiga mawimbi ya 2.45 GHz kwa NumPy (maktaba ya hesabu ya Python), pande mbili tu (2D), seli za mm 2, hatua ya muda pikosekunde 5, namba zote float32 (baiti 4 kila moja). Kabla ya hatua ya 200, nan kila mahali ("si namba": thamani zimekua hadi kompyuta kushindwa kuzihifadhi). Nikashusha seli hadi mm 1, dt nikaiacha vilevile. Safari hii hata hatua 60 hazikufika.

Jibu lilipatikana nilipochapisha Ez (uga wa umeme) za mstari mmoja wa seli, hatua chache kabla ya mlipuko: chanya, hasi, chanya, hasi, seli kwa seli, kama ubao wa drafti. Wimbi la 2.45 GHz lina urefu wa mm 122 hewani. Haliwezi kugeuza alama kila milimita. Ukiona hivyo, umevuka kikomo cha Courant, yaani dt kubwa kuliko zote ambayo hesabu hubaki tulivu. Kwa pande mbili, dt haitakiwi kuzidi dx iliyogawanywa kwa (c mara kipeuo cha pili cha 2), c ikiwa kasi ya nuru: seli za mm 2, ps 4.72, za mm 1, ps 2.36. Ukipunguza seli, kikomo nacho kinashuka! Siku hizi dt siiandiki kwa mkono: programu huikokotoa kutoka dx, halafu huizidisha kwa 0.99. (Kwa 3D ni kipeuo cha pili cha 3.)

Mpakani niliweka PML (tabaka linalomeza mawimbi yasirudi ndani), ile ya Berenger ya 1994, seli 10 kila upande. Picha ilipendeza, lakini jicho halioni mwangwi mdogo. Kwa hiyo niliendesha chanzo kilekile kwenye gridi kubwa zaidi, ya seli 1000 kwa 1000, mahali pa kupimia pakiwa seli 90 kutoka chanzo kilicho katikati. Wimbi hutembea seli 0.7 kwa hatua. Mwangwi wa ukuta wa mbali hauwezi kurudi mahali pa kupimia kabla ya hatua ya 1300 hivi. Rekodi ya hatua 1000 ni safi kabisa. Kutoka kwenye rekodi hiyo, toa rekodi ya gridi yako ndogo yenye PML. Kinachobaki ni mwangwi wa PML yako.

Wangu ulikuwa mkubwa mno: sigma (kiwango cha umezaji ndani ya PML) ya H, uga wa sumaku, niliikokotoa mahali pa E, uga wa umeme, ilhali kwenye gridi ya Yee, mpangilio wa seli unaotumiwa na FDTD, H hukaa nusu seli pembeni. Niliposogeza hiyo nusu, mwangwi ukashuka chini ya -60 dB. Gridi hiyo kubwa, Ez, Hx na Hy pamoja, inakula MB 12 tu za kumbukumbu.