Mlinganyo wa Maalim, miezi ya giza

Juzi baada ya adhana ya magharibi binti yangu kaniuliza: "Mama, sauti ikishatoka inakufa, au inakwenda tu?" Nikamwambia inafifia, akaridhika, akaenda zake kucheza. Mimi nikabaki nimekaa, namkumbuka Maalim, aliyenifundisha hesabu ya mawimbi.

Waliokuwepo Unguja hawajasahau. Disemba 2009 umeme unaotoka Bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika, na hadi Machi 2010 kisiwa kilikaa gizani. Joto la kaskazi, jenereta zikinguruma, foleni za maji; hayo yameshasimuliwa sana. Langu ni usiku mmoja barazani kwa Maalim, Kikwajuni.

Aliandika kwa chaki sakafuni, kandili kaiweka kushoto ili kivuli cha mkono kisifunike alama. Upande mmoja wa mlinganyo, wimbi la kawaida, lile linalosafiri na kutawanyika. Upande wa pili, wimbi hilohilo limepandishwa kipeo: wimbi linalojilisha lenyewe. Kwanza akaniambia nisihesabu mahali wimbi lilipo, nibaki na muda tu, kipeo kiwe 2. Akaandika 6 juu ya (T − t) mraba; t ni muda unaokwenda, T ni saa moja iliyowekwa.

"Itie mwenyewe, mwanangu."

Nikaitafutia difrensheni, yaani kasi ya kubadilika kwake, mara mbili, nikapata 36 juu ya (T − t) kipeo cha 4. Pande zote mbili sawasawa. Akaweka ncha ya chaki juu ya T. "Muda ukifika hapa?" Chini panakuwa sifuri, nikasema; jawabu halina mwisho. Akaitia T duara, taratibu, mpaka chaki ikavunjika. "Na hii si siku ya kiama. Ni saa tu, kama saa tatu ya usiku huu."

Hapo muadhini akaanza isha, bila kipaza sauti. Maalim akanyamaza mpaka ikaisha.

"Kufifia kwa sauti hiyo ndiko kunakoliokoa wimbi," akasema. Katika nafasi yetu ya vipimo vitatu linatawanyika kila upande. Ukienda mbali mara mbili, kimo kinabaki nusu. Kufifia kunashindana na kujilisha. Akanieleza habari za Fritz John, Mjerumani aliyewakimbia Manazi akaishia New York, ambaye mwaka 1979 aliuonyesha mpaka wenyewe wa kipeo: 1 kujumlisha kipeuo cha pili cha 2, yaani kama 2.414. Kipeo kikizidi hapo, wimbi dogo linaishi daima. Kikipungua, liwe dogo vipi, litalipuka, yaani litakosa mwisho kama pale kwenye T.

Nilipinga: kipeo kikubwa ndiyo salama? Akaandika 0.1. Mraba wake 0.01. Kipeo cha 3, 0.001. Kidogo kikipandishwa sana hakina cha kujilisha.

"Basi kwa mraba, nikianza na kidogo zaidi?"

"Utangoja zaidi. Ukipunguza msukumo wa mwanzo nusu, muda kabla ya kulipuka unakuwa kama mara nne. Mara nne, si milele."

Nilikaa na hilo muda mrefu. Nililelewa nikiamini kwamba jambo likianza dogo halina madhara. Nikamuuliza kama na sisi watu tuko hivyo: deni dogo, neno dogo la hasira. Hakujibu. Alinisogezea kipande cha chaki, akataka niithibitishe ile mara nne. Uthibitisho niliuelewa miaka mingi baadaye, Maalim keshatangulia mbele ya haki. Lile la watu bado nalipima. Kuna nyumba nyingi nisizojua kipeo chake.