Nilivyonunua Deira, Dubai, saa ya Submariner iliyotumika, bila kupigwa

Watu wakiiona mkononi, swali la kwanza ni "bei gani?", la pili "ni orijino?" Hilo la pili ndilo lililoninyima usingizi kabla sijatoa hata dirham moja. Wenzangu wa Kariakoo wanaofuata mzigo Dubai wananiuliza kila mara nilifanyaje, basi naandika mara moja.

Nilikuwa naitaka Rolex Submariner, saa ya wazamiaji, toleo namba 16610, lililotengenezwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi 2010, ilipoingia yenye pete ya kauri kuzunguka kioo. Kwa nini ya zamani? Mpya kwa wakala huipati kwa kwenda na hela tu, unaandikisha jina na kusubiri. Halafu zilizofuata zimevimba mabega. Hii ya milimita 40 inalala mkononi na kuingia chini ya shati la mikono mirefu bila kugoma.

Submariner ya kwanza ilitoka 1953, ikivumilia maji hadi mita 100. Hii inafika 300. Lakini ziweke mbili hizo mezani, mtoto atakuambia ni ndugu: uso mweusi, vidoti vya duara, pete ya dakika 60 inayozunguka. Wazamiaji wenyewe tangu miaka ya 1980 wamehamia kwenye kompyuta za kuzamia, saa haina kazi tena huko chini. Ila kwa kuwa sura haibadilikibadiliki, ya miaka 25 iliyopita haionekani imepitwa. Kwa maoni yangu bei yake inashikiliwa hapo zaidi ya kwenye chuma chenyewe.

Deira muuzaji wa kwanza alinitolea moja yenye boksi na karatasi za 1991. "Bosi, kila kitu kipo." Nikaifunika kwa kiganja, nikachungulia gizani. Ikawaka kijani kikali. Hapo nikajua pana jambo. Saa za miaka hiyo zilipakwa tritiamu (kitu chenye mionzi kinachowasha vidoti gizani), ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 na kitu. Ya 1991 leo inatakiwa iwe imekufa kabisa, na vidoti vimegeuka rangi ya krimu. Nikaangalia chini ya namba sita: pameandikwa SWISS MADE, wakati ya mwaka ule ingepaswa kuwa na T<25, alama ya tritiamu. Haikuwa feki. Uso na mishale vilibadilishwa kwenye matengenezo, basi. Ila kwa wakusanyaji hiyo inashusha bei, na yeye alitaka bei ya saa isiyoguswa. Nikamshukuru, nikatoka.

Ya pili ilikuwa na karatasi za 1999. Chini ya namba sita neno moja tu, SWISS, na ndivyo zilivyokuwa kwa kipindi kifupi baada ya tritiamu kuachwa. Masikio ya saa, pale mnyororo unaposhika, yana vitundu vilivyotoboka hadi nje, na kingo zake bado kali. Hilo liangalie sana. Saa iliyopigwa polishi mara nyingi masikio yanakonda kama sabuni ya mwisho wa mwezi, na chuma kilicholiwa hakirudi. Michirizi haikunisumbua hata kidogo.

Sikulipa. Nilimwambia muuzaji twende wote kwa fundi ninayemchagua mimi. Akinuna, aga uondoke. Huyu alikubali.

Fundi wangu ni mzee aliyezaliwa Unguja, familia yao ikahamia Uarabuni. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, "Marahaba mwanangu, lete tuione." Kwanza alitoa mnyororo. Namba ya saa imechongwa ubavuni, kati ya masikio upande wa namba sita. Upande wa 12 ni namba ya toleo. Akanipa lenzi. Mistari myembamba, imekatwa safi, inameta ukiigeuza. Za feki, alisema, mara nyingi zinaonekana kama mchanga uliomwagwa. Namba ikalingana na karatasi. Mgongo hauna kioo wala nakshi, chuma kitupu, na ndivyo inavyotakiwa.

Alipoufungua nikaona mashine yenyewe, 3135: magurudumu mawili mekundu, na daraja lililokanyaga pande zote mbili za gurudumu linalochezacheza. Akaiweka kwenye kipimo, mapigo 28,800 kwa saa, inakwenda mbele sekunde chache kwa siku. Akabadilisha mipira ya kuzuia maji, akaijaribu kwenye mashine ya presha. Ikapita.

"Ungepata yenye jambia la Sultani Qaboos usingeuliza bei," akacheka. Kweli, Sultani alikuwa akiagiza Rolex zenye nembo ya Oman ili kutunuku watu, na leo kwenye minada hizo ni vita.

Kazi iliyobaki ilikuwa kuhakikisha si ya wizi. Niliituma namba kwenye The Watch Register ya London, wanaotunza kumbukumbu za saa zilizopotea na kuibiwa. Haikuwemo. Tukashuka kutoka dirham 36,000 hadi 33,000, nikalipa kwa benki, risiti ikaandikwa namba ya saa na jina langu. Bila risiti ya namna hiyo siku ya kuuza utahojiwa wewe.

Anayedhani hiki ni kiwanja atulie. Bei za saa hizi zilipanda kichaa wakati wa korona, zikafika kileleni mapema 2022, kisha zikashuka, na walionunua pale juu wengi bado wanalia. Mimi nimenunua ya kuvaa. Ile pete naitumia kupimia muda wa kupakua kontena: naisogeza alama ya pembetatu kwenye mshale wa dakika, vijana wanajua saa imeanza. Inazunguka upande mmoja tu, kwa hiyo hata ikigongwa haiwezi kumwongezea mzamiaji dakika asizonazo. Au mpakuaji.

Usiku sokoni naivua. Na Dar hakuna ninayemruhusu kuifungua; ikifika zamu ya huduma, naipanga na safari ya mzigo na inarudi kwa mzee yuleyule, kwa sharti moja ninaloliandika kwenye karatasi: usiipige polishi, na kila kitu kilichotolewa nirudishiwe kwenye mfuko.