Usiku tuliompima mlangoni

Safari ya Magic Kingdom, ile paki ya michezo ya Disney kule Florida, tuliipanga miezi kibao, lakini ninachokikumbuka kuliko vyote ni usiku mmoja wiki mbili kabla ya kuondoka, tumekaa mezani watu watano na karatasi moja. Mume wangu alishasema mapema, michezo ya kule ni mingi na foleni ni ndefu, tusipoelewana tukiwa nyumbani tutaenda kugombana juani, bas kila mtu ataje anayoitaka.

Binti yetu alikua na miaka 11, wala hakufikiria, Space Mountain. Ile treni inakimbia gizani ndani ya jengo, ipo pale tangu 1975, na alishaangalia video zake mpaka kona anazijua. Mdogo wake wa miaka 5, anachotaka dada naye anataka hichohicho. Hapo ndo nikasoma masharti ya wakati ule: Space Mountain lazima mtu awe na urefu wa sentimita 112, Big Thunder Mountain, treni nyingine, 102, ile treni ya Seven Dwarfs 97.

"Nipimeni!" Akaruka kwenye kiti. Tukamsimamisha mlangoni bila viatu, nikamwekea kitabu kichwani, baba yake akachora mstari na penseli, nikashusha futikamba. Alikua amekaza shingo mpaka mishipa imemtoka na visigino vinanyanyuka kidogokidogo, nikavirudisha chini taratibu kwa mkono. 109. Nikapima tena maana roho iliniuma, 109 ileile. Hakulia, alibaki palepale mgongo kwenye mlango, midomo inamcheza, na mimi ninavyomjua nikajua akiulizwa neno moja tu yatamwagika. Siku zote naamini ni bora mtoto aambiwe nyumbani kuliko aje kurudishwa na mhudumu baada ya kusimama foleni saa zima, na mpaka leo naamini hivyo, ila usiku ule ilinichoma kwakweli.

Baba yake akaanza kueleza kwamba upo utaratibu, mzazi mmoja anaingia na mkubwa, mwingine anabaki na mdogo, halafu wanapokezana bila kupanga foleni upya. Maelezo mazuri kabisa, lakini mtoto hasikii kitu.

Ndo mama mkwe, ambae muda wote alikua kimya na sisi wala hatukua tumemuuliza, akasema, "Mume wangu, hebu njoo. Mimi hayo matreni siyawezi, nataka wale farasi wa kuzunguka, sasa nani atanishika nisianguke?"

Mtoto akamwangalia. Nikawaambia wale farasi wa mbao walitengenezwa 1917, yani wameitangulia paki yenyewe iliyofunguliwa 1971, na bibi yao akafurahi sana, "Kumbe wamenizidi umri!" Mjukuu akatoka mlangoni polepole akaenda kumkalia mapajani, akauliza kama farasi wana mikanda.

Binti yetu alikua ameiandika Space Mountain juu kabisa na nyota tatu. Bila kuambiwa na mtu akavuta karatasi, akachora mshale kuishusha namba mbili, na pale juu akaandika kwa herufi kubwa FARASI, WOTE. Big Thunder ikawa ya tatu, ile ya sentimita 102, mdogo wake kaipita kwa saba na alizihesabu mwenyewe kwa vidole.