Parachichi la mwalimu wa klarineti

Julai ya Uyole, Mbeya, wenyeji mnaijua, unaamka majani yameshika barafu na vidole havisikii kitu, sasa jaribu kuziba matundu ya klarineti, lile zumari refu la bendi, na vidole hivyo.

Ilikuwa 2008, nipo form two, nimejiunga na bendi ya kanisani kwetu. Tarumbeta wakubwa walishazigawana wote nikabaki na klarineti ambayo hamna aliyeitaka. Miezi miwili napuliza. Noti za mkono wa kushoto zinatoka vizuri tu, nikisema nishushe na mkono wa kulia, kwiiii, kama kuku kakanyagwa, kwaya nzima inageuka. Mi nikajua ni ridi, kile kijiti chembamba cha mdomoni kinachotetema ukipuliza, nikabadilisha ridi tatu (na zilivyokuwa adimu!), nikawa napuliza kwa nguvu mpaka kichwa kinauma, wapi.

Mwalimu wetu alikuwa mzee mmoja mstaafu wa bendi ya jeshi. Siku hiyo akanisimamisha katikati ya wimbo. "Mjukuu, lete vidole." Akavigeuza akaangalia nyama za vidole, pale matundu yanapoacha alama. Kushoto maduara yametimia kama mhuri wa serikali ya mtaa. Kulia, kidole cha pete, nusu mwezi. "Hewa inatokea hapa, wewe unasingizia ridi."

Shida yenyewe ilikuwa gumba. Kwa nyuma kuna kile kishikio cha chuma kinachobeba klarineti, mi kwa kuogopa isinidondoke nilikuwa nimelizamisha gumba la kulia lote mpaka karibu na kiganja, kumbe ukifanya hivyo vidole vya mbele vinalala bapa na cha pete hakifiki vizuri kwenye tundu lake. Inatakiwa kishikio kikae kati ya ukucha na kile kiungo cha kwanza, basi.

Akafungua mfuko wake akatoa parachichi, la Tukuyu, limeiva lile la kubonyea. "Weka mikono kwapani kwanza ipate moto. Haya, shika. Ukiliumiza utalilipa." Nikasimama nalo pale wenzangu wanacheka, vidole vimepinda vyenyewe, vimelegea, halafu akalichomoa taratibu akaniwekea klarineti palepale mkono ukiwa bado una umbo la parachichi. Huku akipiga stori kwamba klarineti za maana wazungu wanazichonga kwa mpingo, mti unaoota hapa hapa kwetu, Lindi huko. Ya kwangu ilikuwa plastiki lakini sikumkatisha.

"Ziba matundu yote sita ya mbele, la nyuma lizibe na gumba la kushoto. Usibonyeze, gusa. Sasa puliza kama unapoza uji."

Ikatoka noti ya G ya chini. Nene, inatetema mpaka kwenye meno, kama lori la mzigo linapanda Mlima Nyoka. Nikashtuka nikaitoa mdomoni nikaiangalia.

"Mwalimu, imetoka!"

"Nimesikia, sijawa kiziwi. Rudia."

Nikarudia mpaka gumba la kulia likawaka moto maana ndio linabeba uzito wote, hilo hakunionya. Mara ya kumi hivi vidole vikaanza kulala tena, akanirudishia parachichi nishike upya, na hapo kwa uchovu nikalibonyeza, kidole kikazama mpaka kwenye kokwa.

Mzee akalitazama, akaomba kisu na chumvi jikoni kwa mama mchungaji. Akanikatia upande wenye tundu.