Vile nilifika kujumlisha vekta kwa late (rula) na raportere (ya kupimia digrii)

Niko Majengo hapa Goma, mwaka wa mwisho wa sekondari, na kitu kilichonitesa wiki mbili nzima kwenye fizika ni kujumlisha vekta, ile mishale ya kuonyesha nguvu na upande inakoelekea, kwa kuchora. Zoezi lilikuwa hivi: watu wawili wanavuta mzigo kwa kamba, mmoja kwa 80 N (nyutoni) mwengine kwa 60 N, kati ya kamba kuna digrii 60, tafuta nguvu ya jumla. Mi nikachora mishale yote miwili kutoka pointi moja, alafu nikaunga vichwa vyao, nikapima nikapata 7,2 cm, yaani 72 N, nikafunga kaye (daftari).

Yaya yangu, ndugu yangu mkubwa, ni mtu wa chukudu, ile ya mbao ya magurudumu mawili ya kubeba mizigo, vekta hajasoma, akaniuliza tu: sasa mdogo, chukudu ikikwama kwenye mawe ya volkano tukaivuta wawili, nguvu yetu inakuwa kidogo kuliko ya mmoja? Nikanyamaza. Kweli 72 iko chini ya 80. Hapo njo nilielewa ule mstari ni wa kutoa, si wa kujumlisha.

Nikaanza upya. Sentimita 1 ni 10 N, juu ukitumia 1 kwa 50, mishale inatoka midogo hata raportere inaifunika. Kreyo nikaichonga sana, na late yangu imelika pale kwa sifuri kwa hiyo napima kuanzia 1, ya sentimita 8 inaishia kwa 9. Mshale wa 80 nikaulaza, wa pili mkia wake ukakaa kwenye kichwa cha wa kwanza. Na hapa njo wengi tunaanguka: nilipima 60 kwa ndani, upande wa nyuma, ikatoka 7,2 tena! Kumbe unarefusha kwanza ule mstari mbele kwa nukta nukta, ndio unapima 60 kutoka kwa hizo nukta, juu mshale ukihamishwa haugeuzi uso, unaangalia paka kule kule.

Kisha nikavuta mstari kutoka mwanzo kabisa hadi kichwa cha mwisho: 12,2 cm, yaani 122 N, digrii 25 hivi toka kamba ya 80, karibu na yule anayevuta zaidi. Nikarudia nikianza na 60, nikaangukia pale pale. Hesabu ya kosinusi, bila kuchora, ikatoa 121,7 N. Nikamwita yaya, akaweka kidole kwenye mshale mrefu akasema ee, huku njo chukudu itaenda.