Mpelelezi aliyeuza pande zote mbili

Jana nimelala saa nane usiku kwa sababu ya kesi ya Louis Eppolito na mpaka sasa imenikaa kifuani, ngoja niiandike tu.

Huyu jamaa alikuwa mpelelezi wa polisi New York, mtoto wa Brooklyn, na baba yake alikuwa mtu wa Gambino, ile familia ya mafia, ami yake naye Gambino, yaani kalelewa humohumo. Akaingia polisi 1969. Mwaka 1979 ami yake akauawa pamoja na mwanawe, na waliowaua ni Gambino haohao. Ndo maana wengi wakimwongelea wanamhurumia, eti alibanwa katikati, damu huku kazi kule, na mwenyewe 1992 alitoa kitabu akijieleza kama polisi mwaminifu aliyetoka kwenye ukoo wa mafia.

Mimi hapo sikubaliani kabisa. Yeye na mwenzake Stephen Caracappa, mpelelezi pia, walikuwa wanakula dola 4,000 kila mwezi kutoka Lucchese, familia nyingine kabisa! Anayetoa hela ni Anthony Casso, zinapitia kwa mtu wa kati Burton Kaplan, wao wanavujisha majina ya wanaoongea na polisi, na hao watu wanakufa. Novemba 1990 wakamsimamisha Eddie Lino kwenye gari lake pale Belt Parkway kama polisi wanaokagua, wakammiminia risasi, kwa dola 65,000, na Lino alikuwa kapteni wa Gambino, watu wa baba yake. Sasa hiyo damu aliyokuwa anaitetea iko wapi?

Walikamatwa 2005, na 2009 wakafungwa maisha, wote wawili wamefia kifungoni.

Ila kilichoninyima usingizi ni 1986. Casso alikuwa anamsaka Nicholas Guido, mmoja wa waliojaribu kumuua. Caracappa akaingia kwenye kompyuta ya polisi, akatafuta hilo jina, lakini anwani waliyoifuata wauaji kumbe ni ya Nicholas Guido mwingine, kijana wa miaka 26 ambaye hana habari na mafia wala nini. Siku ya Krismasi kijana yuko nyumbani na ndugu zake, akamtoa mjomba wake nje amwonyeshe gari lake jipya jekundu, wakakaa ndani wanaliangalia, mara wauaji hao hapo. Akamlalia mjomba wake kumkinga. Mjomba akapona.